Seli nyekundu za damu

Seli nyekundu za damu (pia: chembe nyekundu za damu, chembechembe nyekundu au erithrosaiti) ni seli zinazobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuifikisha katika tishu zote za mwili. Ndizo seli nyingi kuliko za aina nyingine yoyote mwilini, na ndizo zinazoipa damu rangi yake nyekundu.

Mtu mzima huwa na seli nyekundu kati ya trilioni 20 na 30 hivi, yaani zaidi ya robo tatu ya idadi ya seli zake zote. Kila moja huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa na nyingine mpya kuchukua nafasi yake. Ili idadi isipungue, mwili hutengeneza takriban seli milioni 2 kila sekunde.

Seli hizi zikipungua, zikiwa na kasoro ya kurithi au zikishambuliwa na vijidudu, mwili mzima hudhoofika. Katika Afrika Mashariki magonjwa matatu yanayozihusu, yaani upungufu wa damu, selimundu na malaria, ni miongoni mwa yale yanayosumbua zaidi watoto wadogo na wajawazito.

## Mahali pake kati ya tishu za mwili

Seli ni sehemu ndogo kabisa ya mwili iliyo hai. Seli nyingi zinazofanana na kushirikiana katika kazi moja huunda tishu. Tishu za binadamu hugawanywa katika aina kuu nne:

- tishu funikizi, zinazofunika ngozi na kutandaza kuta za ndani za viungo kama tumbo na mapafu;
- tishu unganishi, zinazoshikilia, kujaza na kuunganisha sehemu za mwili, kama mifupa, gegedu na mafuta;
- tishu za misuli, zinazojikunja na kuleta mwendo;
- tishu za neva, zinazopeleka taarifa kati ya ubongo na mwili.

Damu huhesabiwa kuwa tishu unganishi, ingawa ni ya majimaji. Sababu ni kwamba seli zake hazikubanana kama matofali ukutani, bali zimetawanyika ndani ya kitu kisicho seli, kama ilivyo katika tishu unganishi nyingine. Katika mfupa kitu hicho ni kigumu chenye kalisi. Katika damu ni majimaji ya rangi ya manjano hafifu yanayoitwa plazma.

Damu iliyozuiwa isigande ikiachwa itulie katika chupa ya kioo hujitenga yenyewe. Juu hubaki plazma, ambayo ni kama asilimia 55 ya ujazo wote. Chini hukaa seli nyekundu, kama asilimia 45. Katikati huonekana utando mwembamba mweupe wenye seli nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, pamoja na chembe sahani, ambazo husaidia damu kuganda mtu akijikata.

## Umbo na muundo

Seli nyekundu ya binadamu ina umbo la duara bapa lililobonyea katikati pande zote mbili, mfano wa kitumbua kilichofinywa kwa vidole viwili. Kipenyo chake ni mikromita 7 hadi 8, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hivyo zingepangwa zaidi ya seli 130 upande kwa upande ndipo urefu ufike milimita moja. Katika milimita moja ya ujazo ya damu, yaani tone dogo sana, zimo seli kati ya milioni 4 na 6. Kwa kawaida wanaume wanazo nyingi kidogo kuliko wanawake.

Umbo hilo lina faida mbili. Kwanza, linaongeza eneo la uso wa seli, hivyo oksijeni huingia na kutoka haraka. Pili, linaifanya seli iweze kujikunja. Baadhi ya kapilari, yaani mishipa myembamba kabisa, ni nyembamba kuliko kipenyo cha seli yenyewe, na seli hulazimika kujipinda ili ipite kisha kurudia umbo lake. Chini ya utando wa seli kuna wavu wa protini unaotoa unyumbufu huo.

Seli nyingi za mwili zina kiini chenye DNA, na katika saitoplazimu zina mitokondria, ambazo huzalisha nishati kwa kutumia oksijeni. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini wala mitokondria. Nafasi yote imeachiwa mzigo, yaani protini ya hemoglobini, ambayo ni karibu theluthi moja ya uzito wa seli. Kukosa mitokondria kuna maana yake: seli hupata nishati kwa kuvunja glukosi bila oksijeni, kwa hiyo haitumii hata kidogo ile oksijeni inayowabebea wenzake. Lakini kwa kuwa haina kiini, haiwezi kugawanyika wala kutengeneza protini mpya za kukarabati zilizochakaa. Ndiyo sababu maisha yake ni mafupi.

## Kazi

### Kubeba oksijeni

Oksijeni haiyeyuki vizuri katika maji. Kama damu ingekuwa plazma tupu, moyo usingeweza kuizungusha haraka kiasi cha kutosheleza ubongo na misuli. Hemoglobini hutatua tatizo hilo. Kila molekuli yake imeundwa kwa minyororo minne ya protini, na kila mnyororo umeshika kiambata kiitwacho hemu chenye atomu moja ya chuma. Atomu hiyo ndiyo inayoshika oksijeni, kwa hiyo molekuli moja ya hemoglobini hubeba molekuli nne za oksijeni. Seli moja ina molekuli za hemoglobini milioni 270 hivi; ikijaa hubeba zaidi ya molekuli bilioni moja za oksijeni.

Kushika oksijeni hakutoshi. Sharti iachiliwe mahali panapohitajika. Katika mapafu, ambako oksijeni ni nyingi, hemoglobini huishika kwa nguvu. Katika tishu zinazofanya kazi, kama misuli ya mtu anayekimbia, oksijeni ni kidogo, joto limepanda na asidi imeongezeka. Mambo hayo yote huifanya hemoglobini ilegeze mshiko wake. Tishu inayofanya kazi zaidi hupata oksijeni zaidi bila kungoja amri kutoka popote.

Hemoglobini yenye oksijeni ina rangi nyekundu inayong'aa. Isiyo na oksijeni ni nyekundu iliyoiva. Damu ya binadamu haiwi ya buluu hata siku moja. Vena huonekana hivyo chini ya ngozi kwa sababu ya jinsi mwanga unavyopita katika ngozi na kurudi.

Mtoto aliye tumboni ana hemoglobini ya aina nyingine, hemoglobini F, inayoshika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya mama. Kwa njia hiyo anaweza kuipokea kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma bila damu hizo mbili kuchanganyika. Baada ya kuzaliwa, hemoglobini F hupungua taratibu na nafasi yake kuchukuliwa na hemoglobini A ya watu wazima.

### Kubeba kabonidayoksaidi

Wakati wa kurudi, seli nyekundu husaidia kuondoa kabonidayoksaidi inayotokana na kazi za tishu. Sehemu kubwa, kama asilimia 70, hugeuzwa kuwa bikabonati kwa msaada wa kimeng'enya kilichomo ndani ya seli nyekundu, kisha husafirishwa katika plazma. Nyingine hushikwa na hemoglobini yenyewe, na kiasi kidogo huyeyuka tu katika plazma. Katika mapafu mambo hugeuka kinyume, na gesi hiyo hutoka kwa pumzi.

### Hatari ya moshi wa mkaa

Gesi ya kabonimonoksaidi, inayotoka kwenye mkaa au mafuta yasiyoungua sawasawa, hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haina rangi wala harufu. Mtu akilala katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa linalowaka, au jenereta inayonguruma ndani ya nyumba, seli zake nyekundu hujazwa gesi hiyo na kushindwa kubeba oksijeni. Hupatwa na kuumwa kichwa, kizunguzungu na usingizi mzito, na anaweza kufa bila kuamka. Kinga ni kutolala na jiko la mkaa chumbani, hata msimu wa baridi. Aliyepatwa anatakiwa kutolewa nje penye hewa safi mara moja na kupelekwa hospitali apewe oksijeni.

## Uzalishaji

Katika wiki za mwanzo za mimba, seli nyekundu hutengenezwa katika kifuko cha kiini kilicho nje ya kiinitete, baadaye katika ini na wengu. Kuanzia miezi ya mwisho ya ujauzito, kazi hiyo hushikwa na uboho mwekundu wa mifupa. Kwa mtoto mdogo karibu mifupa yote ina uboho wa namna hiyo. Kwa mtu mzima hubaki hasa katika pingili za uti wa mgongo, kidari, mbavu, nyonga, fuvu na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono.

Seli zote za damu hutokana na seli shina zilizomo katika uboho. Seli shina inayoelekea kuwa seli nyekundu hugawanyika mara kadhaa, hujijaza hemoglobini, kisha husukuma kiini chake nje. Hatua hizo huchukua wiki moja hivi. Seli changa huingia kwenye damu na kukomaa kabisa kwa muda wa siku moja au mbili.

Mdhibiti wa kiwanda hicho ni homoni iitwayo erithropoietini, inayotolewa hasa na figo. Figo zikihisi kwamba damu inaleta oksijeni kidogo, huongeza homoni hiyo na uboho huongeza kasi. Ndiyo maana wagonjwa wa figo za muda mrefu huishiwa damu hata kama wanakula vizuri. Ndiyo maana pia watu wanaokaa kwenye miinuko huongeza seli nyekundu. Mji wa Iten nchini Kenya, ulio kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, huvutia wakimbiaji wa masafa marefu kwa sababu hiyo. Wanariadha wengine hujidunga erithropoietini ya kutengenezwa. Hilo limepigwa marufuku michezoni, na ni hatari kwa kuwa damu nzito kupita kiasi huweza kuganda ndani ya mishipa.

Uboho huhitaji malighafi, hasa:

- chuma, kwa ajili ya hemu;
- asidi ya foliki na vitamini B12, kwa ajili ya kutengeneza DNA ya seli zinazogawanyika;
- protini, kwa ajili ya minyororo ya hemoglobini.

## Maisha na kuvunjwa

Mtu akiwa ametulia, seli nyekundu huzunguka mwili mzima na kurudi kwenye moyo kwa muda wa dakika moja hivi. Katika miezi minne ya uhai wake, utando huchakaa na kukakamaa. Seli zilizozeeka hunaswa hasa katika wengu, ambako damu hulazimika kupenya katika matundu membamba. Huko, na pia katika ini na uboho, humezwa na seli kubwa zinazoitwa makrofeji.

Karibu kila kitu hutumika tena. Protini huvunjwa kuwa asidi amino. Chuma hurudishwa kwenye uboho: kila siku mwili hutumia upya miligramu 20 hadi 25 za chuma kwa njia hii, wakati kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula ni miligramu 1 hadi 2 tu. Mabaki ya hemu hugeuzwa kuwa bilirubini, yenye rangi ya manjano, ambayo ini huitoa pamoja na nyongo. Mabadiliko yake ndiyo yanayoupa mkojo rangi ya manjano na kinyesi rangi ya kahawia.

Seli nyekundu zikivunjwa nyingi mno kwa wakati mmoja, au ini likishindwa kazi, bilirubini hurundikana na macho huwa ya manjano. Watoto wachanga wengi hupata umanjano kidogo siku chache baada ya kuzaliwa kwa kuwa maini yao hayajakomaa. Kwa kawaida huisha wenyewe, lakini umanjano unaoanza ndani ya saa 24 za kwanza, au unaofika kwenye viganja na nyayo, unahitaji hospitali haraka kwa sababu bilirubini nyingi huharibu ubongo.

## Makundi ya damu

Juu ya utando wa seli nyekundu kuna alama za kurithi zinazoitwa antijeni. Mfumo wa ABO hugawa watu katika makundi manne:

- Kundi A: seli zina antijeni A; plazma ina kingamwili dhidi ya B.
- Kundi B: seli zina antijeni B, plazma ina kingamwili dhidi ya A.
- Kundi AB: seli zina antijeni zote mbili, plazma haina kingamwili hizo.
- Kundi O: seli hazina A wala B, plazma ina kingamwili dhidi ya zote mbili.

Mgonjwa akiongezewa seli zenye antijeni ambayo plazma yake inaipinga, seli hizo hushambuliwa na kupasuka, na anaweza kufa. Kwa hiyo damu hupimwa kundi na kulinganishwa kabla ya kuongezwa.

Mfumo wa pili kwa umuhimu ni wa Rh: mwenye antijeni D huitwa Rh chanya, asiyekuwa nayo Rh hasi. Katika Afrika Mashariki kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi, na zaidi ya watu 9 kati ya 10 ni Rh chanya. Mama mwenye Rh hasi akibeba mimba ya mtoto mwenye Rh chanya, mwili wake unaweza kujenga kingamwili dhidi ya damu ya mtoto, hasa wakati wa kujifungua. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hadhuriki, bali wanaofuata huweza kufia tumboni au kuzaliwa na umanjano mkali. Sindano ya kingamwili za anti-D, inayotolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua au mimba kuharibika, huzuia jambo hilo. Kila mjamzito anapaswa kujua kundi lake mapema.

## Magonjwa

### Upungufu wa damu

Upungufu wa damu (anemia) ni hali ya kuwa na hemoglobini chini ya kiwango kinachohitajika. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni upungufu ikiwa hemoglobini iko chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, 12 kwa mwanamke asiye mjamzito na 11 hivi kwa mjamzito. Dalili ni uchovu, kuhema haraka, moyo kwenda mbio, na weupe wa viganja, ulimi na sehemu ya ndani ya kope.

Sababu ni nyingi: kukosa chuma katika chakula, kutokwa damu nyingi wakati wa hedhi au kujifungua, malaria, kichocho, na minyoo wa safura, ambao hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Minyoo hao huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu, kwa hiyo choo safi na viatu ni kinga ya damu pia.

Chuma cha nyama, maini, samaki na dagaa hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha mimea. Maharagwe, kunde, mchicha, matembele na kisamvu vina chuma, ila ufyonzwaji wake ni mdogo. Huongezeka vikiliwa pamoja na vyakula vyenye vitamini C kama machungwa, mapera na maembe. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na mlo huzuia ufyonzwaji huo, kwa hiyo ni afadhali zinywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Wajawazito hupewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki kliniki kwa sababu mahitaji yao ni makubwa kuliko chakula kinavyoweza kutosheleza.

### Selimundu

Selimundu (pia: siko seli) ni ugonjwa wa kurithi wa hemoglobini. Chanzo chake ni badiliko dogo sana katika jeni iliyo kwenye kromosomu 11: katika mnyororo wa beta wenye asidi amino 146, ile ya sita, glutamati, imebadilishwa na valini. Hemoglobini inayotokea huitwa hemoglobini S. Inapoachilia oksijeni, molekuli zake hushikamana na kuwa nyuzi ngumu zinazoivuta seli hadi ichukue umbo la mundu. Seli za namna hiyo hukwama katika mishipa myembamba, na huishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120.

Kila mtu hurithi jeni mbili za mnyororo huo, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye jeni mbili za kawaida huandikwa AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya S ni AS. Huyo ni mbebaji tu, na kwa kawaida haumwi. Mwenye mbili za S ni SS, naye ni mgonjwa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kwa *kila* mimba uwezekano ni:

- robo: mtoto AA;
- nusu: mtoto AS;
- robo: mtoto SS.

Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Kuzaa mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Aidha, ugonjwa hauwezi kutoka kwa mama peke yake. Katika jamii nyingi mama amelaumiwa, au ugonjwa umedhaniwa kuwa ni uchawi au laana, wakati mtoto SS amepokea jeni moja kutoka kwa kila mzazi.

Dalili huanza mtoto akiwa na miezi kadhaa, hemoglobini F inapopungua. Mara nyingi ya kwanza ni kuvimba viganja na miguu kwa maumivu. Baadaye huja vipindi vya maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, macho ya manjano, na maambukizi ya mara kwa mara kwa sababu wengu umeharibika. Kiharusi kinaweza kumpata hata mtoto. Homa kali, weupe wa ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, maumivu ya kifua au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni dalili za hatari zinazohitaji hospitali bila kuchelewa.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, pamoja na Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na India. Wagonjwa wengi wanaweza kufikia utu uzima wakigunduliwa mapema na kutunzwa: penisilini ya kila siku hadi umri wa miaka 5, chanjo, kinga ya malaria, asidi ya foliki, maji mengi ya kunywa na kujikinga na baridi. Dawa ya haidroksiyurea huongeza hemoglobini F. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kutangazwa mwaka 2018 na 2019 ulionyesha kwamba kwa watoto wa Afrika dawa hiyo hupunguza maumivu, mahitaji ya kuongezewa damu na vifo. Upandikizaji wa uboho huweza kuponya, na mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni, ingawa gharama zake ni kubwa mno kwa wagonjwa wengi.

### Malaria

Kimelea cha malaria kikitoka kwenye ini huingia ndani ya seli nyekundu na kula hemoglobini yake. *Plasmodium falciparum*, aina iliyoenea zaidi Afrika, huzaliana ndani ya seli kwa saa 48 hivi, kisha huipasua na kuvamia nyingine. Kupasuka huko kwa seli nyingi pamoja ndiko kunakoleta homa na baridi kali, na kunakosababisha upungufu wa damu wa haraka kwa watoto. Seli zilizovamiwa hunata pia kwenye kuta za mishipa midogo. Zikiziba ile ya ubongo huleta degedege na kupoteza fahamu.

Watu wenye AS hawapati malaria kali kwa urahisi, kwa kuwa kimelea hakistawi vizuri katika seli zao. Kwa hiyo katika maeneo yenye malaria nyingi, kama pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, jeni ya S imeenea. Mwenye SS lakini hana kinga ya namna hiyo inayomfaa: malaria kwake ni hatari kubwa, na anatakiwa kulala ndani ya chandarua kila usiku.

### Kasoro nyingine za kurithi

Thalasemia ni upungufu wa minyororo ya hemoglobini. Hupatikana sana katika nchi za Mediteranea, Asia na Ghuba, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaowapata zaidi wanaume, hufanya seli zipasuke mtu anapotumia dawa fulani, kama vile primakwini.

## Kuchangia damu

Seli nyekundu haziwezi kutengenezwa kiwandani kwa kiasi cha kutibu wagonjwa. Chanzo pekee ni mtu mwingine aliyejitolea. Wanaoihitaji zaidi ni akina mama waliotokwa damu wakati wa kujifungua, watoto wenye malaria kali, wagonjwa wa selimundu na majeruhi wa ajali.

Kwa kawaida mchangiaji hutoa mililita 450 hivi. Plazma hurudi katika kiwango chake kwa siku moja au mbili, na seli nyekundu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wanaume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi 3 na wanawake kila baada ya miezi 4. Seli nyekundu huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 6 za Selsiasi kwa siku 35 hadi 42 kulingana na dawa ya kuhifadhia. Kwa hiyo damu iliyochangwa kwa wingi siku moja ya kampeni haiwezi kufaa mwaka mzima. Uchangiaji unahitaji kuendelea.

Katika Afrika Mashariki uvumi wa tangu zama za ukoloni kuhusu mumiani, watu waliodaiwa kunyonya damu za wenzao, uliwatia wengi hofu ya kutolewa damu. Siku ya Wachangia Damu Duniani huadhimishwa tarehe 14 Juni, na Siku ya Selimundu Duniani tarehe 19 Juni.

## Katika wanyama wengine

Mamalia wote wana seli nyekundu zisizo na kiini. Ndege, vyura, mijusi na samaki wana seli nyekundu zenye kiini. Seli za ngamia ni za umbo la yai, na huweza kuvimba sana bila kupasuka, jambo linalomsaidia anapokunywa maji mengi kwa mkupuo baada ya kiu ndefu. Baadhi ya samaki wa bahari ya Antaktiki hawana hemoglobini kabisa. Oksijeni huyeyuka moja kwa moja katika plazma yao kwa sababu maji ni baridi sana.

## Historia ya utafiti

Mwaka 1658 Mholanzi Jan Swammerdam aliona seli nyekundu za chura kwa hadubini. Mwaka 1674 mwananchi mwenzake Antonie van Leeuwenhoek alieleza zile za binadamu. Karl Landsteiner wa Vienna aligundua makundi ya ABO kati ya mwaka 1900 na 1901, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Siku ya wachangia damu ni siku ya kuzaliwa kwake. Max Perutz alionyesha umbo la hemoglobini na kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1962 pamoja na John Kendrew.

Seli zenye umbo la mundu zilielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1910 na James Herrick wa Chicago, katika damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko katika molekuli ya hemoglobini yenyewe, na Vernon Ingram akabainisha asidi amino iliyobadilika baadaye.

Uhusiano na malaria uligunduliwa Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wabebaji wa jeni ya S ni wengi pwani na karibu na Ziwa Viktoria, lakini wachache katika nyanda za juu zisizo na malaria. Matokeo ya utafiti wake, yaliyochapishwa mwaka 1954, yalikuwa miongoni mwa mifano ya kwanza iliyo wazi ya uteuzi asilia ukifanya kazi kwa binadamu.

## Tazama pia

- Damu
- Hemoglobini
- Malaria
- Selimundu
- Tishu
- Uboho